Kumfundisha mtoto kutunza hela: anza na ile uliyomwambia "leta nikutunzie"

Kabla hujaenda kununua kibubu, jibu swali moja. Ile elfu tano aliyopewa mwanao na shangazi yake sikukuu iliyopita, iko wapi?

Nauza viazi mviringo Mbeya mjini, naishi Uyole, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa mweka hazina wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Nina watoto watatu. Kwenye kikoba nimeona watu wazima, wenye biashara zao na nyumba zao, wakilia siku ya kuvunja, yaani kugawana akiba, kwa sababu hawaelewi hela yao imeishia wapi, ilhali vitabu viko wazi mezani. Hapo ndipo nilipoanza kuwashika wangu mapema. Haya hapa ndiyo ninayofanya nyumbani, pamoja na niliyokosea.

Hatua ya 1: Lipa deni lako kwanza

Sote tumekua na "leta nikutunzie usije ukapoteza". Sote tunajua ilikokwenda. Kifungua mimba wangu alipokuwa na miaka tisa nilikuta nyuma ya daftari lake la hesabu ameandika kwa penseli: Mama, babu 2,000, anko 5,000, Pasaka 3,000. Chini amepiga mstari, 10,000. Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikaacha kucheka, maana hesabu ilikuwa sahihi.

Nilimlipa kwa awamu mbili. Noti ya kwanza ya kifaru aliigeuza pande zote mbili kama keshia, akaenda kuifuta ile 5,000 kwa raba.

Nawe fanya hivyo. Kaa na mtoto, mkumbushane, mjumlishe, utaje deni kwa mdomo wako mwenyewe. Kama huna yote, lipa kidogo kidogo, naye aandike. Usimwambie kwamba ile hela ndiyo iliyomnunulia sare ya shule. Sare ni wajibu wako, hukumtuma akuchangie. Mtoto aliyezoea kwamba hela ikionekana inachukuliwa hujifunza jambo moja tu: kuila haraka kabla mama hajaiona. Halafu tunamwita mfujaji.

Hatua ya 2: Sanduku lenye kufuli mbili

Vile vibubu vya mbao vilivyopigwa misumari pande zote, vyenye tundu juu, vinafaa kwa mtoto wa miaka mitano au sita. Akishajua kuhesabu, kibubu hakimfundishi kitu kwa sababu haoni kilichomo, na akikihitaji sana atachokonoa kwa kijiti. (Wa kwangu alitumia waya wa mwavuli. Mwavuli wangu.)

Kwenye kikoba sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wanaokaa nyumba tofauti. Hakuna awezaye kufungua peke yake, hata mwenyekiti. Nyumbani nimepunguza zikawa mbili. Sanduku la bati liko chumbani kwangu, ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao mtoto mwenyewe, kaufunga kwenye kamba. Linafunguliwa Jumapili jioni. Anahesabu kwa sauti, anaandika tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, tunafunga.

Na mimi nikikwama naruhusiwa kukopa, ila kwa masharti ya kikoba: naomba, naandika, nataja siku ya kurudisha, nalipa riba ya asilimia 10 kama ninavyolipa kule. Baba yao hapendi. Anasema nalea wakopeshaji. Lakini tangu tuanze hakuna mtoto aliyeficha hela chini ya godoro.

Sanduku likifika 50,000 tunalipunguza, tunapeleka benki kwenye akaunti ya mtoto ambayo mzazi ndiye msimamizi. Nenda na kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, uulize kwanza makato. Hili la kutoweka kila kitu sehemu moja sihitaji kulieleza sana kwa mtu wa Mbeya anayekumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua mwaka 2006. Kuna waliokuwa na mtaji na akiba ndani ya kibanda kimoja.

Hatua ya 3: Posho, na siku yake

Kiasi si hoja. Mimi nampa wa miaka minane buku moja kila Jumamosi, wewe toa jero kama ndiyo iliyopo. Hoja ni siku. Ukiruka Jumamosi moja umevunja mkataba, atarudi kwenye kuombaomba.

Hela ya chakula cha shule usiichanganye na posho. Akimaliza posho akose ashikrimu, ni sawa. Akae na njaa darasani, hapana.

Usimlipe kwa kuosha vyombo wala kufagia uwanja, hizo ni kazi za nyumbani na hata wewe hulipwi. Kazi ya ziada ndiyo ina malipo. Wangu nawalipa kwa kuchambua viazi vya biashara, vilivyooza kando, vidogo kando, vya mbegu kando.

Akimaliza yote Jumamosi hiyo hiyo, nyamaza. Hii ndiyo hatua inayowashinda wazazi wengi, nami nilianguka hapa mara tatu. Jumatano mtoto anawaangalia wenzake wanakula mihogo ya kukaanga, anameza mate, moyo unakuuma, mkono unaingia kwenye pochi. Utoe mkono. Shilingi mia mbili anazolilia leo ni ada ndogo kuliko atakayolipa akiwa na mshahara.

Hatua ya 4: Mpeleke sokoni, kisha simama mbali

Hapa ndipo kwenye somo lenyewe, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Mtoto akifika miaka kumi namkabidhi noti na orodha. Mara ya kwanza nilimtuma kijana wangu maharage sado moja (lile kopo la kupimia) pale Mwanjelwa, mkononi ana elfu kumi, mimi nimesimama kwenye vitunguu najifanya nachagua. Muuzaji wa kwanza alitaja 9,000. Wa pili 8,500. Akakimbilia kwa wa pili, akarudi na chenji 1,500 anatabasamu mpaka masikio yanasogea.

Nyumbani nilimpa sado yetu ya kupimia viazi. "Mimina." Akamimina. Yakaishia chini ya ukingo, pengo la vidole viwili. Akatikisa kopo, yakashuka zaidi. Akanitazama.

"Yamepungua njiani?"

"Mfuko umetoboka?" nikamwuliza.

Akaukagua mfuko. Haukutoboka. Ndipo nikamwonyesha kwa kidole gumba jinsi kitako cha kopo kinavyosukumwa kuingia ndani, juu linajaa kilima kizuri na chini hakuna kitu. Wiki iliyofuata, kabla ya kutaja bei, aliinua sado ya muuzaji, akaigeuza, akapapasa kitako. Yule mama akamwuliza, "Wewe dogo, nani kakufundisha haya?" Akajibu, "Mama anauza viazi." Yule mama akacheka, akapima, akamwongezea na konzi moja ya nyongeza.

Kwa hiyo mfundishe haya:

- Sado ya kweli ni lita nne, debe ni lita 20. Debe moja linatoa sado tano. Mwambie apige hesabu: sado tano mojamoja zingegharimu kiasi gani, na debe zima linauzwa kiasi gani? Halafu umwulize swali la pili, je, tutalimaliza kabla halijaingia wadudu?
- Aulize bei sehemu tatu kabla ya kununua. Asione aibu kuondoka. Watoto wengi hununua kwa sababu wameshajibiwa "karibu mteja", wanaona vibaya kugeuka.
- Fungu la nyanya aligeuze aone za chini.
- Chenji ahesabu palepale, mbele ya muuzaji, kabla ya kutia mfukoni.

Nikizungumzia vipimo siwezi kuiacha lumbesa. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini nenda mashambani Uporoto uone magunia yalivyoshonewa vilemba juu. Wanangu nimewaonyesha gunia la kawaida na la lumbesa yakiwa yamesimama pamoja, nikawauliza kile kilemba kimelipwa na nani. Wa kati akajibu, "Mkulima." Alikuwa na miaka kumi na moja.

Kitu kingine kinachofundisha kimyakimya ni bei ya mahindi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mavuno ni mara moja. Tuna kalenda ukutani, na kila mwisho wa mwezi mtoto anaandika bei ya debe la mahindi. Kipindi cha baridi, Juni hadi Agosti, mahindi yamejaa na bei iko chini. Ikifika Januari, ghala za watu zimekauka na sare zinadaiwa, anaiona namba imepanda. Baada ya mwaka mmoja wa kuandika sikuhitaji kumhubiria kwa nini tunanunua magunia Julai na kula mboga bila nyama mwezi mzima.

Hatua ya 5: Umeme

Fupi hii. Mpe mtoto mmoja kazi ya kusoma LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, kila asubuhi na kuandika uniti zilizobaki. Kwa sisi wa matumizi madogo, ukizidi uniti 75 kwa mwezi bei ya uniti inaruka, kwa hiyo ana mpaka wa kulinda. Utakoma kusema "zimeni taa". Yeye ndiye atakayekuzimia wewe ukiwa bado unatafuta viatu.

Hatua ya 6: Mradi, na dawa ya ubahili

Binti yangu wa kati alipata tetea mmoja kutoka kwa bibi yake Tukuyu. Akamlaza juu ya mayai kumi na moja, akahesabu siku 21 kwenye ile kalenda, vikatoka vifaranga wanane. Miezi ikapita, akawa na kuku kumi na tatu na daftari safi kuliko langu. Kwenye sanduku ana 14,000.

Majirani wakaanza kuchangishana chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kwa hiyo mtaa hununua pamoja, tone moja jichoni kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mchango wetu ulikuwa 1,000. Binti akakataa. "Kuku wangu hawaumwi." Nilimwambia mara moja, nikamwachia, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea sheria ya kutoingilia.

Kideri kikaja. Asubuhi mbawa zimeshuka, kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, na ugonjwa huo ukishaingia bandani hauna dawa. Walibaki wawili. Alikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni na lile daftari mapajani, akawa anakata jina moja moja, maana kila kuku alikuwa na jina.

Kosa lile ni langu nusu. Nilikuwa nimemsifia kila hela aliyoacha kutumia, sijamsifia hata mara moja hela aliyoitumia vizuri. Nikaanza kukumbuka dalili nyingine: anaazima peni darasani wakati ana hela ya kununua, anakwepa kuchangia zawadi ya mwenzake, anakula karanga za wadogo zake huku zake zimefungwa. Huo si uwekevu tena, ni ubahili, na mtoto bahili anasumbua kama mfujaji.

Tangu hapo ukurasa wa kwanza wa kila daftari la mradi unaandikwa gharama zisizokwepeka: chanjo, chakula, banda, na sadaka kwa sisi tunaotoa. Hizo zinatengwa kabla ya akiba. Na kila mwezi kila mtoto lazima atumie kiasi fulani kwa mtu mwingine, hata kama ni andazi la mia mbili. Mwanzoni binti alinunua andazi akalikata vipande vinne. Nikapokea.

Hatua ya 7: Wakubwa, simu na dubwi

Kama sarafu za mia mbili zinapungua nyumbani na hujui zinakwenda wapi, pita kwenye mashine za dubwi, zile za kamari ya sarafu, mtaani ukaangalie nani amesimama pale. Kubeti ni kwa wenye miaka 18 kwenda juu, lakini mashine haiulizi umri. Sikumpiga wa kwangu. Nilimpa karatasi, nikamwambia kwa wiki mbili aandike kila sarafu anayoiona ikiingia na kila inayotoka, zake na za wenzake. Alileta ile karatasi siku ya tisa, hakutaka kuendelea.

Kwenye simu, kabla hajatuma hela yoyote, ataje makato kwa sauti. Na mikopo ya mtandaoni mwonyeshe mapema: chukua kiasi cha mkopo, ongeza ada, mwulize ingekuwaje kama angekopa kwenye sanduku la mdogo wake.

Hilo la mwisho kijana wangu, sasa yuko kidato cha tatu, alilichukulia kama ushauri. Mwezi uliopita alitaka raba za mpira, akamwendea dada yake mwenye kuku, ambao sasa wamefika kumi na tisa, wote wamechanjwa. Binti akafungua daftari, akasoma deni la zamani la 1,500 ambalo halijalipwa, kisha akamwuliza wadhamini wake ni akina nani.

Akanitaja mimi. Nikakataa.