Kumfanyisha mwanafunzi wa sekondari mazoezi ya Kiingereza nyumbani, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mzazi, kaka, dada au mwalimu wa twisheni anayekaa na mwanafunzi jioni amsaidie Kiingereza. Nimeuandika baada ya kumsaidia mpwa wangu wa Kisauni, aliye kidato cha tatu. Kanuni za sarufi amezihifadhi zote, lakini insha zake zilikuwa zikirudi zimejaa wino mwekundu. Watoto wetu wa Mombasa huota kwa Kiswahili, hutaniana kwa Kiswahili, kisha huketi kuandika Kiingereza. Makosa yao yana mpangilio, na mpangilio huo ukishaujua kazi inapungua sana.

Hatua ya 1: Kusanya insha zake za zamani

Chukua tatu au nne. Nakili kila sentensi iliyosahihishwa, kisha uzigawe kwa aina ya kosa: nyakati, "a" na "the", vihusishi, tahajia. Fungu kubwa kuliko yote ndilo la kuanza nalo. Mengine yaache kwa sasa, hata kama yanakukera.

Hatua ya 2: Daftari dogo na kamusi

Simu iwekwe mbali. Programu ya kutafsiri humpa mtoto neno peke yake bila maneno yanayoandamana nalo, na hapo ndipo insha huharibika. Tafuta kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungiwa wanafunzi, yenye mfano wa sentensi chini ya kila maana. Kama bei ni kubwa, tawi la maktaba ya taifa hapa Mombasa lina meza za kusomea.

Hatua ya 3: Msamiati kwa mafungu

Orodha za maneno na maana zake sizipendi hata kidogo. Mtoto anazikariri usiku na asubuhi zimeyeyuka. Aandike neno pamoja na wenzake: "make a decision", "pay attention to", "apologise to someone for something". Maneno machache kwa siku yanatosha, bora yatoke kwenye kitu alichokisoma mwenyewe, na kila moja liwe na sentensi ya maisha yake. Kwa "reluctant", mpwa wangu aliandika "My grandmother is reluctant to use the ferry at night". Neno hilo hajalisahau. Kando yake aongeze jamaa zake, "reluctance" na "reluctantly", kwa sababu KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, hupenda kumpa mtahiniwa neno na kumtaka alibadilishe umbo.

Hatua ya 4: Kuitenganisha -me- na nyakati za Kiingereza

Hapa ndipo jioni nyingi huishia. Nenda polepole, na usikubali kuharakishwa.

Ukisema "Nimemuona jana Kongowea", hakuna mtu Mombasa atakayekusahihisha. Mwanafunzi akiibeba sentensi hiyo ilivyo ataandika "I have seen him yesterday", na alama imeenda. Kiingereza kikishataja wakati uliokwisha, kama jana, wiki iliyopita au mwaka 2022, kinataka "I saw him". "I have seen him" hukaa pale ambapo wakati hautajwi, au muda wenyewe haujafungwa. Mfundishe kuuliza swali moja: lini? Sentensi ikijibu kwa wakati uliopita, "have" iondoke.

Swali hilo linasaidia sana, ila halimalizi kazi. Angalia "amelala", "nimechoka", "amevaa kanzu", "wamekaa barazani". Hapo -me- inaeleza hali iliyopo sasa hivi, na Kiingereza husema "He is asleep", "I am tired", "He is wearing a kanzu", "They are sitting on the baraza". Akiandika "He has worn a kanzu", msomaji ataelewa kwamba mtu huyo amewahi kuvaa kanzu, basi. Zoezi lake ni jepesi: asimame dirishani, atazame nje, aandike kila mtu amevaa nini, amekaa wapi, amebeba nini. Rudieni hilo mpaka achoke.

Kisha kuna upande wa pili. "Naishi Likoni tangu 2019" ni Kiswahili safi, lakini "I am living in Likoni since 2019" haikubaliki. Iwe "I have lived in Likoni since 2019". "Since" hutaja muda ulipoanza, na "for" hutaja urefu wake: "since 2019", "for five years".

"Leo asubuhi" nayo italeta ubishi. "I have taken two cups of tea this morning" ni sawa ikiwa bado ni asubuhi. Jioni atasema "I took two cups of tea this morning". Anayesema ni yuleyule na chai ni ileile, ila saa imebadilika.

Anayetazama filamu za Marekani atakuambia amesikia "I already ate". Ni kweli amesikia, na huko ndivyo wanavyosema. Shule zetu zinafuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hivyo kwenye karatasi aandike "I have already eaten".

Angalau -ja- haisumbui sana. "Hajafika" mara nyingi huwa "He has not arrived yet" bila matata, nami huanzia hapo na mtoto aliyekwisha kata tamaa.

Usiende hatua ya tano mpaka aanze kujisahihisha mwenyewe kabla hujanyanyua kalamu.

Hatua ya 5: Kujaza mapengo

Zoezi hili lina alama 10 katika karatasi ya kwanza ya KCSE, na watoto huliogopa bure. Usinunue vijitabu vya maswali na majibu. Chukua aya moja ya gazeti la Kiingereza, ufute maneno kumi, ukichanganya vihusishi, viunganishi, vitenzi na "the". Kwa mfano: "The ferry was so full ___ many people had to wait ___ the next one." Pengo la kwanza ni "that", kwa sababu "so" imeshaliita, la pili ni "for", kwa sababu ya "wait". Mtake aonyeshe kwa kidole neno lililomwambia jibu. Asipoliona, amebahatisha, hata akipata. Na kila pengo neno moja tu.

Hatua ya 6: Kuandika sentensi upya

"No sooner" huenda na "than". "Hardly" huenda na "when". Zikianza sentensi, zote mbili hufuatwa na "had", kisha mtenda: "Hardly had we left Mwembe Tayari when it began to rain." Atunge zake kumi.

Hatua ya 7: Kusoma kwa sauti

Stadi za kuzungumza zina alama 30 katika karatasi hiyo ya kwanza. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, naye atafanya hivyohivyo kwa Kiingereza asipozuiwa. Anza na maneno yanayobadili mkazo: "record", "present", "object", "conduct". Yakiwa nomino, silabi ya kwanza hukazwa. Yakiwa vitenzi, ya pili. Asome sentensi yenye yote mawili, kama "They will present her with a present", wewe ukisikiliza bila kuangalia daftari.