Chaji kwanza, ukubwa baadaye
Ukiulizwa chumvi au oksidi ipi huyeyuka kwa joto kali zaidi, anza na chaji za ayoni zake (atomu zilizotoa au kupokea elektroni): zikivutana zaidi, joto kali zaidi huhitajika kuzitenganisha. Chumvi ya mezani, ile inayonyunyiziwa mihogo ya kukaanga pale Lighthouse, Mombasa, ni sodiamu +1 na kloridi -1: huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Oksidi ya magnesiamu ni +2 na -2. Chaji pekee huufanya mvutano kuwa mara nne, tena ayoni zake ni ndogo, zimebanana. Oksidi hiyo huyeyuka kwenye zaidi ya nyuzi 2,800, ndiyo maana hutengenezewa matofali ya ndani ya matanuri ya saruji. Chaji zikilingana, ndipo upime ukubwa: floridi ya sodiamu huyeyuka karibu 993, kwani floridi ni ndogo kuliko kloridi. Ila pima ayoni, si atomu (hapa ndipo wanafunzi wangu huteleza): sodiamu ikitoa elektroni husinyaa, klorini ikipokea huvimba.