Uvimbe wa Figo kwa Mtoto: Jinsi ya Kupima kwa Picha Bila Kukimbilia Kuuita Wilms

Saratani ya figo inayowapata watoto wengi zaidi ni uvimbe wa Wilms, na ndiyo maana jicho lililouzoea huuona hata pale usipokuwepo. Katika itifaki za SIOP (Chama cha Kimataifa cha Saratani za Watoto), zinazofuatwa katika nchi nyingi, mtoto huanzishiwa dawa za saratani kabla ya upasuaji, mara nyingi bila kukatwa kinyama cha kupimwa maabara. Kwa hiyo anayesoma picha hana budi kueleza wazi kila dalili isiyolingana na Wilms.

Hatua ya 1: Umri na historia. Wilms huonekana zaidi kati ya mwaka 1 na miaka 5. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 3 mwenye uvimbe usio wa maji, fikiria kwanza nefroma ya mesoblasti, uvimbe wa figo wa watoto wachanga, ambao kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji. Kwa aliyevuka miaka 10, saratani ya seli za figo huwa na uzito zaidi. Uliza pia kuhusu selimundu, hasa Afrika Mashariki, kwa sababu saratani ya medula (sehemu ya ndani) ya figo huwapata zaidi vijana waliorithi kinasaba kimoja tu cha selimundu. Wengi wao hawajawahi kuumwa wala kupimwa, na jibu la "hana selimundu" halitoshi.

Hatua ya 2: Ultrasaundi. Thibitisha kwanza uvimbe umetoka wapi. Ukitoka ndani ya figo, nyama ya figo iliyobaki huukumbatia pembeni kama kucha. Niuroblastoma, saratani ya seli changa za neva inayoanzia nje ya figo, kwa kawaida huisukuma figo nzima na kuizunguka aota (ateri kuu ya mwili), na mara nyingi ina chembe za chokaa. Pima uvimbe kwa pande tatu. Kisha, kwa Dopla (ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu), fuata mshipa wa figo hadi mshipa mkuu wa chini na uendelee mpaka moyoni, ukitafuta bonge la uvimbe ndani yake. Mtoto akilia, mpe mama amnyonyeshe na usubiri, kwa maana mshipa uliobanwa na kilio huficha mengi. Figo ya pili ichunguzwe kwa makini yale yale.

Hatua ya 3: CT au MRI. MRI ya tumbo haina mionzi; CT inahitajika kwa mapafu, kwa kipimo cha mionzi kilichorekebishwa kulingana na uzito wa mtoto. Maji yenye umbo la hilali chini ya gamba la figo kwa mtoto mchanga huashiria uvimbe wa rabdoidi, saratani kali na adimu ya figo, ingawa Wilms nayo huweza kuwa nayo. Ukiushuku uvimbe wa rabdoidi, omba MRI ya ubongo, kwani uvimbe mwingine huweza kuwamo humo. Uvimbe ulioanzia katikati ya figo na kutanua vikombe vyake vya kukusanyia mkojo kwa kijana mwenye kinasaba cha selimundu ni wa medula mpaka ithibitike vinginevyo. Sakoma ya seli angavu, saratani nyingine ya figo ya watoto, haitofautishwi na Wilms kwa picha. Maabara ikiitaja, mifupa na ubongo vipigwe picha.

Hatua ya 4: Ripoti. Andika umri, chanzo, vipimo, hali ya mishipa, figo ya pili na mapafu, kisha utaje moja kwa moja kisicholingana na Wilms. Usipendekeze sindano ya kuchukua kinyama kabla ya kuzungumza na daktari wa saratani za watoto na mpasuaji, kwa sababu sindano isiyopangwa huweza kumwaga seli za saratani tumboni.