Kabla Hujaitia Moto Haispidi

Ukitaka kutia ugumu haispidi, yaani HSS (high-speed steel), chuma cha vifaa vya kukatia kinachobaki kigumu hata kikichemka, anza kwa kujiuliza kama kazi hiyo inahitaji tanuri kabisa. Visu vya kukerezea vya mraba huuzwa vikiwa vimeshatiwa ugumu kiwandani na kusawazishwa kwa jiwe pande zote. Kilichobaki ni kuvinoa umbo unalotaka. Biti za kutobolea, tapu za kukatia nyuzi za skrubu na rima za kusawazishia matundu, za vipimo vya kawaida, ni hivyohivyo. Kwa karakana nyingi za kwetu, haispidi hununuliwa ngumu na hunolewa ikiwa ngumu, na sioni aibu yoyote hapo. Tanuri linaingia pale ambapo umbo halipatikani dukani: kikatio cha jino la gia lisilo la kawaida, panchi yenye sura yake, kisu cha mashine ambayo mtengenezaji wake alishafunga duka.

Ukishafika hapo, ondoa kichwani mazoea ya springi ya gari. Springi ukiipasha mpaka iwe nyekundu ukaizamisha kwenye oili, inapata ugumu wake. Haispidi ikiwa na wekundu uleule bado haijaanza kazi. Ndani yake kuna tangsteni, molibdeni, kromi na vanadi zilizoshikana na kaboni katika chembe ngumu mno, na chembe hizo haziyeyukii ndani ya chuma kwa wingi mpaka joto lipite nyuzi 1150 na zaidi. Zisipoyeyuka za kutosha, hutapata ule uwezo wa kubaki ngumu kisu kinapochemka kazini. Frederick Taylor na Maunsel White walilithibitisha jambo hili katika kiwanda cha Bethlehem Steel, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19: vyuma ambavyo watu walikuwa wakiogopa kuvipasha sana, wao walivipasha hadi karibu na kuyeyuka. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 wageni waliona visu vikiendelea kukata huku ncha zake zikiwa nyekundu. Chuma cha kaboni tupu huanza kulegea kikipita nyuzi 200 na kitu. Haispidi hustahimili hadi karibu 600.

Jambo la pili ni kujua umeshika nini. Neno HSS lililogongwa kwenye kipini cha biti halikuambii aina, na kwenye biti za bei ya chini mno wakati mwingine halikuambii hata ukweli. Aina inayotumika kuliko zote ni M2, yenye tangsteni asilimia 6, molibdeni 5, kromi 4 na vanadi 2 hivi. Mjerumani huiandika 1.3343, Mjapani SKH51, Mrusi R6M5, na Mchina W6Mo5Cr4V2. Ukiona mojawapo ya maandishi hayo kwenye kipande au kwenye karatasi ya muuzaji, unazungumzia chuma kilekile kwa karibu sana. Ukikosa karatasi, jiwe la grainda linaweza kukusaidia kidogo: chuma cha kaboni hutoa cheche nyeupe zinazopasukapasuka, wakati haispidi hutoa cheche chache, fupi, za rangi ya machungwa au nyekundu iliyofifia. Kipimo hicho kinatenga haispidi na chuma cha kawaida tu. Hakitakuambia kama ni M2 au M42, na ukikosea hapo utakosea joto la tanuri. Kipande kisichojulikana nisingekiweka motoni kwa kazi ya mteja.

Kuchagua aina kunategemea utakachokata, na pia mashine yako. Kwa chuma laini, shaba, alumini na kazi za kila siku, M2 inatosha. Kwa chuma cha pua kisichoshika kutu, au kazi inayochemsha ncha sana, tafuta yenye kobalti: M35 ina kobalti asilimia 5, na M42 ina 8. Kwa Rockwell, kipimo cha ugumu wa chuma, M42 hufika 67 hadi 69, wakati M2 hukaa kwenye 63 hadi 65. Ila ugumu huo una bei yake: M42 haipendi kugongwa. Ukiiweka kwenye lethi (mashine ya kukerezea) iliyochakaa inayotetemeka, au kwenye kazi yenye mapengo inayokata kwa kurukaruka, ncha itamegeka na utarudi kwenye M2 ukiwa na hasara. T15 nayo ina vanadi nyingi, asilimia 5 hivi, hivyo inastahimili kulika kuliko wenzake, lakini jiwe la kawaida la kunolea litahangaika nayo. Jiulize utakinoa na nini kabla hujakinunua.

Mchoro wa kifaa nao ni sehemu ya matayarisho. Kona za ndani zilizokatwa kali ndipo nyufa zinapoanzia wakati wa kupoza, kwa hiyo ziviringe kidogo. Ganda jeusi la nje la kipande kilichotoka kiwandani bila kukerezwa limepoteza kaboni yake. Liondoe lote, la sivyo utapata kifaa chenye ngozi laini na moyo mgumu. Acha unene wa kusawazisha kwa jiwe baada ya moto, kwa sababu kifaa hukua kidogo na pengine kupinda. Kama umekata sana upande mmoja, kipashe kwanza hadi nyuzi 600 na kitu, ukiache kipoe taratibu tanurini, kisha ndipo umalizie vipimo.

Sasa tanuri. Jicho la mhunzi, hata la mzoefu wa miaka mingi, halitoshi hapa. M2 kwa visu vya kukatia hutakiwa kati ya 1190 na 1230, na ukipita huko kwa nyuzi chache tu, mipaka ya punje za chuma huanza kuyeyuka na kifaa kimeharibika bila tiba. M42 hutaka chini ya hapo, karibu 1165 hadi 1190. T1, ile ya zamani yenye tangsteni asilimia 18, hutaka juu zaidi, 1260 na kuendelea. Pengo kati ya sawasawa na kuharibu ni dogo kuliko tofauti ya rangi ambayo macho yanaweza kuiona kwenye mwanga wa mchana. Hakikisha kipimajoto kimepimwa karibuni, na kwamba kinasoma pale kifaa kilipo, si mlangoni. Kwa panchi inayopigwa badala ya kukata, mafundi hushusha joto kwa makusudi, hata chini ya 1150, wapate uimara na kuacha ugumu wa juu kabisa.

Usikitupe kifaa baridi ndani ya moto huo. Kipashe kwanza hadi 500 au 600, kisha hadi 850 kisubiri joto liingie mpaka katikati, ndipo ukipandishe hadi joto la juu. Huko juu hakikai muda mrefu: kifaa kidogo huhitaji dakika 2 hadi 5 tangu chuma chenyewe kifikie joto. Na hewa ya kawaida kwenye joto hilo hula kaboni ya ngozi haraka sana, ndiyo maana viwanda hutumia tanuri lisilo na hewa au bafu la chumvi iliyoyeyuka. Kama una la moto wa kawaida tu, mpe kazi hiyo mwenye tanuri linalofaa. Gharama ya kumlipa ni ndogo kuliko ya kifaa kilichokerezwa siku mbili.

Anayefanya kazi na chumvi awe na tahadhari ya ziada. Chumvi za joto la juu mara nyingi ni za bariamu kloridi, ambayo ni sumu ikiingia tumboni, kwa hiyo hakuna kula wala kuvuta sigara pale. Koleo au kifaa chenye unyevu kikizama, maji hugeuka mvuke papo hapo na chumvi hurukia watu. Chumvi ya naitreti isikutane kabisa na ya sianidi, zinalipuka.

Kupoza kunatayarishwa kabla mlango haujafunguliwa, maana ukishafungua hakuna muda wa kutafuta koleo. Oili iwe nyingi, ipashwe kidogo, iwe na kifuniko cha chuma karibu kama itashika moto. Maji usiyafikirie. Kifaa kishuke haraka kutoka kwenye weupe hadi chini ya 600 hivi, kwa sababu kikichelewa kati ya 1000 na 800 zile chembe ngumu huanza kujitoa tena kwenye mipaka ya punje. Baada ya hapo unaweza kukitoa kwenye oili kimalizie hewani, na nyufa zitapungua.

Hapa ndipo ninapoona watu wengi wanabana gharama: tanuri la pili, la kupashia tena. Lazima liwe tayari kwenye 540 hadi 560 wakati kifaa kinapoa. Kikishafika nyuzi 50 au 60, kiasi cha kushikika kwa mkono, kiingize mara moja. Kikilala usiku kucha bila kupashwa, asubuhi unaweza kukikuta kimepasuka chenyewe. Baada ya kupoza, robo hivi ya chuma hubaki katika hali iitwayo austenaiti, ambayo ni laini na haijatulia. Kupasha mara ya kwanza huifanya igeuke kuwa martensaiti, ile hali ngumu ya chuma, wakati wa kupoa, ila martensaiti hiyo mpya ni kavu na dhaifu, nayo inahitaji kupashwa. Ndiyo sababu ya mara 3, saa 1 hadi 2 kila mara, na kati ya kila mara kifaa kipoe kabisa hadi joto la chumba. Wanaopasha mara moja kwa 500 hupata namba nzuri ya Rockwell, halafu kifaa kinamegeka kazini.

Kikitoka kibaya, usikirudishe motoni moja kwa moja. Haispidi iliyotiwa ugumu mara mbili bila kulainishwa katikati hukuza punje kubwa zisizo na mpangilio, na kikivunjika utaona uso unaometameta kama magamba ya samaki. Kilainishe kwanza, karibu 870 hadi 900, kipoe pole pole mno tanurini, kisha uanze upya.

Weka kipande kidogo cha chuma kilekile pembeni ya kifaa katika hatua zote. Hicho ndicho utakachokipima ugumu, na ukitaka ukivunje uone punje. Kunoa kwa mwisho kufanyike kwa jiwe lililosafishwa na maji mengi yanayotiririka bila kukatika. Ncha ikigeuka bluu au kahawia, saga mpaka rangi hiyo iishe ndipo ukifunge kwenye mashine.