Mtandao bila kitanzi: namna ya kuipanga STP ya Radia Perlman

Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya DEC ya Marekani, alibuni itifaki ya STP (Spanning Tree Protocol), inayozuia vitanzi kati ya swichi, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao. Mwaka 1990 ikaingia kwenye kiwango cha IEEE 802.1D. Aliiunda ijipange yenyewe: unachomeka kebo, swichi zinaelewana. Urahisi huo ni kazi ya kipaji kikubwa, lakini umewazoesha mafundi wengi kuiacha bila kuigusa. Usiiache. Swichi ya mzizi, ile ambayo nyingine hupimia njia zao kutoka kwake, ichague mwenyewe.

Tatizo lenyewe ni hili. Ukiunganisha swichi mbili kwa kebo mbili ili moja ikikatika nyingine ibebe kazi, umetengeneza kitanzi. Pakiti ya IP ina TTL, namba inayopungua kwenye kila ruta hadi pakiti itupwe. Fremu ya Etheneti, kifurushi cha data kinachopita kati ya swichi, haina kitu kama hicho. Fremu inayotumwa kwa wote ikishaingia kwenye kitanzi huzunguka bila kukoma, huku kila swichi ikiinakili kwenye poti zake nyingine. Muda si muda taa za poti zote zinawakawaka kwa pamoja, jedwali la anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) linavurugika, na kuingia kwenye swichi kutoka mbali hakuwezekani. Chomoa kebo moja ya kitanzi. Kuzima na kuwasha swichi hakusaidii, maana kitanzi bado kipo.

STP huzuia hayo kwa kufunga poti za ziada, ikipima njia kutoka swichi moja iitwayo mzizi. Mzizi ni swichi yenye kitambulisho kidogo kuliko zote: kwanza kipaumbele, kisha anwani ya MAC. Kwa kuwa zote hutoka kiwandani na kipaumbele 32768, MAC ndiyo huamua, na mara nyingi swichi kuukuu ndiyo yenye MAC ndogo. Hapo data ya jengo zima huweza kupitia kifaa dhaifu kilichosahauliwa pembeni.

Kwa hiyo chagua swichi iliyo katikati ya mtandao, yenye viungo vya kasi, uipe kipaumbele 4096. Ya akiba ipe 8192. Namba lazima igawanyike kwa 4096. Kwenye Cisco, kwa VLAN 10 (VLAN ni mtandao pepe ndani ya swichi), andika:

spanning-tree vlan 10 priority 4096

Ukikagua kwa show spanning-tree utaona 4106. Si hitilafu: namba ya VLAN imejumlishwa.

Kisha kagua swichi nyingine. Kila moja iwe na poti moja tu ya kuelekea mzizi, na kila kitanzi kiwe na poti iliyofungwa. Njia isiyotarajiwa ikichaguliwa, tazama gharama za viungo: kwa hesabu ya zamani, Mb/s 100 ni 19, Gb/s 1 ni 4, Gb/s 10 ni 2.

STP ya awali hukawiza poti mpya sekunde 30, yaani 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Kompyuta inaweza kukosa anwani ya IP kutoka DHCP, huduma inayogawa anwani, kwa sababu hiyo. Washa PortFast, inayoruka kusubiri huko, kwenye poti za kompyuta pekee, pamoja na BPDU Guard, inayoangalia BPDU, yaani ujumbe wa STP kati ya swichi, ili mtu akichomeka swichi hapo poti ijizime. Vifaa vikikubali, tumia RSTP, toleo la kasi la STP la mwaka 2001. Kebo ikikatika, mara nyingi mtandao hupona ndani ya sekunde chache.

Hatari inayojificha ni nyuzi ya faiba iliyokufa upande mmoja. Poti iliyofungwa hubaki hivyo kwa sababu inapokea BPDU, ambazo hutumwa kila sekunde 2. Zikikatika kwa sekunde 20, swichi hudhani njia imekufa, na sekunde 30 baadaye inafungua poti: kitanzi kamili. Loop Guard, kinga unayoiwasha kwenye swichi, huzuia hilo.

Mwisho, jaribu wakati watumiaji hawapo: acha ping (ujumbe wa kupima kama kifaa kinajibu) ikiendelea, chomoa kebo inayofanya kazi, hesabu sekunde hadi majibu yarudi, kisha irudishe uhesabu tena. Kwenye STP ya awali, zikizidi 50, anza kukagua poti ya akiba.