Namna ya kuandika historia ya kanisa changa, waanzilishi wakiwa bado wapo

Mimi ni katibu wa kanisa letu hapa Malindi, upande wa Barani. Kazi ya kuandika historia nilipewa na baraza la wazee kwa maneno machache tu: "Mama katibu, tuandikie tulikotoka." Nawaandikia makatibu wenzangu wa makanisa ya miaka kumi, ishirini, thelathini, ambayo watu hudhani hayajawa na historia. Makanisa hayo ndiyo yenye bahati. Aliyegonga kengele ya kwanza bado anauza viazi karai sokoni, mwendee umwulize.

Lakini kabla ya kumwendea, tafuteni karatasi. Rejista ya ubatizo, daftari la sadaka, kumbukumbu za vikao, risiti za mabati na saruji, barua za chifu. Nyingi hamtazipata ofisini. Ziko kwa mweka hazina wa zamani, ndani ya sanduku chini ya kitanda. Nendeni kwa heshima, wala msiondoke na daftari la mtu. Lipigeni picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, naye amekaa hapo anatazama.

Daftari la sadaka lisomeni polepole. Letu lina kurasa nzima za kuku, nazi na vibaba vya mahindi vilivyopigwa mnada baada ya ibada, na pembeni mtu ameandika nani alinunua. Baadaye zinaingia pesa taslimu, kwa sababu waumini walikuwa wamepata kazi za hotelini. Kisha mwaka 2014 sadaka zinashuka ghafla. Ukiyasoma hayo bila kujua ya mji utadhani imani ilipoa. Juni mwaka ule mji wa Mpeketoni, kule Lamu, ulishambuliwa na magaidi, watalii wakakimbia pwani yote, mahoteli yakapunguza wafanyakazi, na waumini wetu wengi wakarudi bara. Ndiyo maana kila tarakimu inayowashangaza muiulizie: mwaka huo mjini kulikuwa na nini?

Sasa waendeeni wazee. Msimwulize mtu "ilikuwa mwaka gani," maana atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Mshikizie jambo analolikumbuka kwa mwili wake. Mimi nilimwuliza bibi mmoja wa kwaya:

"Nyanya, mlipohama kutoka chini ya mwembe, mvua za El Niño zilikuwa zimeshanyesha?"

"Aa, mwanangu! El Niño ilitukuta ndani ya banda la makuti. Maji yakatufika hapa," akanionyesha goti.

Basi walihama kabla ya mwisho wa 1997, hakuna ubishi. Nguzo nyingine za kushikia ni kura za Desemba 2007, katiba mpya ya Agosti 2010, na Malindi kuacha kuwa wilaya na kuingia Kaunti ya Kilifi mwaka 2013. Ya korona iulizeni kwa undani. Makanisa yalipofunguliwa tena Julai 2020, serikali iliruhusu watu 100, saa moja ya ibada, na asiingie aliyepita miaka 58 wala aliye chini ya 13. Maana yake walioanzisha kanisa ndio waliobaki nje. Waulizeni walisali wapi miezi ile, na nani aliwapelekea ushirika mtakatifu. Kwetu majibu ya swali hilo yalijaza sura nzima, na naipenda kuliko zote.

Waulizeni akina mama peke yao, wazee wa kanisa wasipokuwepo. Wanaume watawaambia nani alihubiri. Akina mama watawaambia nani alichota maji ya kukandia udongo, nani alipika siku ya kuezeka, na kwamba fundi wa ukuta alikuwa Mwislamu wa Shela aliyesimamisha kazi kila adhuhuri akasali, kisha akarudi na kupunguza bei ya mawe. Hayo hayamo katika kumbukumbu za kikao chochote.

Vijana wakipewa kazi hii hupenda kuanza na Vasco da Gama mwaka 1498, wakaendelea na kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti kando ya bahari, na Mtakatifu Francis Xavier aliyepita hapa 1542 akielekea Goa. Ni habari za kweli, ila si zenu. Kama mababu wa waumini wenu walisomea kwa wamisionari wa Jilore, au walitoka Rabai ambako wamisionari Krapf na Rebmann walianza kituo mwaka 1846, hapo mna uzi wa kuufuata. Kama hakuna, anzeni na mwembe wenu.

Habari ya kiwanja msiifupishe, maana ardhi ya Malindi ina maneno mengi. Andikeni nani aliuza, mbele ya nani, kililipwa kwa awamu ngapi, hati iko kwa jina la nani.

Mgawanyiko nao uandikwe. Sijaona kanisa changa lisilo nao. Tajeni mwaka, jambo lililobishaniwa na uamuzi uliofikiwa, bila kumtaja mtu kwa ubaya. Halafu wapelekeeni walioondoka waisome aya hiyo kabla haijachapwa. Sisi tulipowapelekea, walituambia jambo lisilojulikana na wengi wetu: baada ya kuondoka waliendelea kuchangia deni la kiwanja mpaka likaisha. Tumeliandika.

Na kuna Shakahola, msitu wa huku ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa. Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu ule, ikaja kuzidi 400, kanisa lolote changa la huku linatazamwa mara mbili, na ni haki litazamwe. Kwa hiyo historia yenu ieleze wazi nani alimtuma mwinjilisti wa kwanza na alisomea wapi, mko chini ya nani, mliandikishwa lini kwa Msajili wa Vyama, nani hukagua hesabu, na mgonjwa akija kuombewa mnamwambia nini kuhusu hospitali. Jirani asiye muumini akisoma kurasa hizo asibaki na swali. Mkiona haya kujibu mojawapo, kaeni na baraza mlitatue hilo kwanza, kitabu kitasubiri.

Mkimaliza rasimu, isomeni kwa sauti baada ya ibada, Jumapili kwa Jumapili, kalamu mkononi. Watu watasahihisha majina zaidi ya yote, kwa kuwa akina Karisa na akina Kadzo ni wengi. Ongezeni jina la baba na mtaa. Picha za watoto ziingie kwa idhini ya wazazi, iliyoandikwa.

Uchapaji ni jambo dogo, duka lolote la fotokopi mjini litawafanyia. Nakala moja ibaki kanisani ndani ya debe la bati kwa sababu ya mchwa, moja ipelekwe makao makuu ya dhehebu lenu, na moja ikae kwa familia inayoishi mbali na unyevu wa bahari. Zile picha za madaftari ziwekwe kwa watu wawili wasiolala nyumba moja.