Kutunza insulini kambini bila friji, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa asubuhi nzima na mama mmoja hapa Dadaab, ambaye mwanawe wa miaka tisa ana kisukari cha aina ya kwanza. Alikuwa akimleta kliniki mara mbili kwa siku, jua kali, kwa kuogopa kuweka dawa nyumbani.

Hatua ya 1. Linganisha bomba la sindano na chupa. Chupa ya uniti 100 kwa mililita inataka bomba lenye alama za uniti 100 kwa mililita. Ukitumia la 40, mtoto anapata dozi mara mbili na nusu.

Hatua ya 2. Tengeneza mtungi. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, na vyote viwe vya udongo usiopakwa rangi, maana lazima upumue. Lowesha mchanga asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Chupa ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Hewa yetu ni kavu, ndiyo maana mtungi unapoa. Pwani kwenye unyevu hautafaa hivi.

Joto watu wanaliogopa kupita kiasi. Utafiti wa MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021, ulifuata joto la nyumba za Dagahaley, mojawapo ya kambi za hapa Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37 za Selsiasi, na insulini ilibaki na nguvu yake wiki nne. Mimi naogopa barafu. Niliwahi kupanga chupa zikigusa vipande vya barafu kwenye kasha, zikaganda usiku, zikayeyuka kabla sijafika. Kwa macho zilikuwa nzima. Siku mbili sukari ya mgonjwa haikushuka, nami nikaendelea kumuuliza amekula nini. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka vizuri. Kwa hiyo mtungi, kamwe si barafu.

Hatua ya 3. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Insulini iliyo angavu kama maji ikiingia ukungu, usidunge. Ile ambayo kwa kawaida ina ukungu, iviringishe taratibu viganjani. Ikibaki na mabonge au chembe zilizonata kwenye kioo, irudishe.

Hatua ya 4. Mgao wa chakula ukipunguzwa, njoo tupunguze dozi pamoja. Mtoto akiharisha au kutapika, usiache insulini. Mlete siku hiyohiyo. Akitetemeka na kutoka jasho, dalili kwamba sukari imeshuka mno, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Akishindwa kumeza, usimpe kitu mdomoni: mlaze ubavu, mkimbize kliniki.